Aliyekataa Uji wa Ukweni

Wangechi alionja uji, akajifuta mdomo kwa kiganja, akampelekea kibuyu mwanamume aliyemchagua mbele ya ukoo mzima. Dawud hakukipokea.

Watu walidhani hajaelewa. Ni mgeni, mtu wa Tanga, atajuaje mambo ya Mukurweini? Mzee Muriithi, baba wa msichana, akamweleza polepole kwa Kiswahili chake cha mlimani.

"Kijana, tumeuliza msichana kama tukunywe hii uji. Amesema tukunywe. Sasa wewe ukunywe, halafu mama yangu hapa, halafu sisi wengine. Ukikunywa, hiyo ni kusema umekubali."

"Nimefahamu, baba."

"Basi kunywa."

"Naomba mniwie radhi. Siwezi."

Hebu ujiweke mahali pa watu hao. Desturi yao ni pombe, lakini walisema kijana ni Mwislamu, tusimtie majaribuni. Nyanyake Wangechi, Cucu Watiri, mwanamke ambaye magoti yalishamkataa, alisaga nafaka kwa mkono wake na kuuchachusha uji siku kadhaa, kwa ajili ya mgeni huyu tu. Na mgeni anasema hawezi. Mimi ningekuwa pale, ningenuna mpaka leo.

Theuri hakununa. Alikuwa mdogo wake Muriithi, mkulima wa kahawa mwenye mdomo usio na mlango, na posa hii hakuipenda tangu mwanzo. Wageni walipokuwa wakiingia alishawachokoza: siku hizi mtu wa kutoka nje akipiga hodi, ficha maji kwanza, kwa sababu kipindupindu imeletwa na hao. Watu walicheka. Dawud alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akaufunga.

"Si nilisema?" Theuri aliinuka sasa. "Mtu hana baba hapa, hana mjomba. Mzee mmoja tu, na huyo ameazima huko Majengo. Na bado ati uji yetu ndio chafu."

Mzee wa kuazimwa alikuwa Mzee Athman, fundi cherehani wa Majengo, mjini Nyeri, aliyekuja kumsemea Dawud kwa kuwa jamaa zake wote walikuwa ng'ambo ya mpaka. Aliinama akamnong'oneza, "Onja hata tone, mwanangu. Usiniaibishe." Dawud akatikisa kichwa.

Wangechi bado alikuwa amenyoosha mikono. Kibuyu kilianza kumlemea.

"Dawud, ni mimi nimekupa," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nisamehe, Wangechi."

Mzee Muriithi akamwondolea bintiye kibuyu mikononi na kukiweka chini.

"Msichana wangu amejibiwa," alisema. "Rudini salama."

Mwaka ulikuwa sabini na moja. Kipindupindu kilikuwa kimetembea nchi baada ya nchi kutoka Asia, na sasa kilikuwa kimebisha hodi Kenya. Mjini Nyeri hoteli za chai zilifunga milango, sokoni muwa uliokatwa ulipigwa marufuku, na kila redio ilihubiri kuchemsha maji. Mwenyeji akichoka na hayo alikwenda kwao kijijini. Mgeni angekwenda wapi? Dawud alikuwa fundi wa nyaya za simu wa shirika lililohudumia nchi zote mbili, aliyehamishiwa Nyeri kutoka Tanga kikazi, na maisha yake yalikuwa mahangaiko matupu. Mafuta ya taa ya kuchemshia maji yaliadimika dukani. Barua za mama yake zilichelewa, na zilipofika zilimwuliza kama bado yu hai. Bila kadi ya sindano asingepita mpaka wa Namanga, na foleni ya sindano ilizunguka uwanja. Kubwa kuliko yote lilimkosesha raha hata akiwa juu ya mlingoti: akifia huku, nani atamzika?

Jibu lake alilipata kwenye waya. Kila alipojaribu laini, iwe Nanyuki au Karatina, sauti ileile ilimwuliza, "Namba, tafadhali?" Sauti ilikuwa ya Wangechi, mpokezi wa simu kwenye ubao wa eksichenji ya Nyeri, pale simu zilipounganishwa kwa mkono. Laini zikaanza kujaribiwa hata zisizo na ubaya wowote. Habari ya dini zao ilizua kelele, ikakubaliwa waoane mbele ya DC, mkuu wa wilaya, na kila mtu abaki na sala yake. Lililobaki lilikuwa lile la uji.

Baada ya siku ile, Wangechi alikaa kwenye ubao wake akiunganisha watu wengine. Kila taa ilipowaka alidhani ni yeye, akachomeka waya, akasikia mfanyabiashara anataka bei ya viazi. Alijizuia, kisha akashindwa, akapiga karakana ya mafundi. Dawud hajaonekana kazini, wakamwambia. Akapiga tena kesho yake, jibu likawa lilelile. Basi amekimbia, akajiambia. Amerudi kwao Tanga na kuniacha nachekwa. Usingizi ulimpaa, na njiani alihisi kila mtu anajua.

Msimamizi wake, Monicah, hakumsaidia. Alimwambia watu wa pwani ni maneno matamu tu, na yeye alimwonya mapema.

Ndipo taa moja ikawaka, ya laini ya shule moja, ambayo shule zikifungwa haikuwa na mtu wa kupiga.

"Nyeri. Namba, tafadhali?"

"Naomba Nairobi. Ofisi ya mkuu wa mafundi."

Wangechi aliitambua sauti hiyo, lakini yake ya kazi haikumtupa.

"Nani anaita?"

"Wangechi, mimi wanijua."

"Hapa nauliza kazi. Nani, na anaita kutoka wapi?"

"Dawud. Kutoka karantini."

"Karantini ya nini?"

"Hiyohiyo unayoijua. Wametuweka kwenye shule, sote tuliokaa nyumba moja na Wamae."

Wamae alimjua, dereva wa lori, mpangaji wa chumba cha pili. Dawud akamsimulia kwa pumzi moja, kama mtu anayeogopa waya kukatwa. Wamae alirudi safari ya kaskazini akaugua vibaya, na alfajiri ya siku ya uji Dawud alimbeba mgongoni hadi hospitali. Kwa baraka za Mungu, Wamae sasa anakunywa supu. Lakini asubuhi ile muuguzi alimwambia Dawud anawe kwa dawa, wala asile au kunywa chombo kimoja na mtu hadi apimwe.

"Na ukakuja kwetu," alisema Wangechi.

"Nisingekuja, ungeniita nini?"

"Ningekuita mtu ako na mgonjwa."



"Nilitaka kusema pale mlangoni," alisema Dawud. "Baba yako mdogo akanitangulia. Akasema wageni ndio walioleta maradhi. Ningemjibu nini? Kwamba ndiyo, nimeyaacha nyumbani mwetu asubuhi hii? Nikaogopa. Nikasema nitakaa mbali na watu, nitaitikia, nitaondoka nimepewa mke. Kibuyu sikukifikiria. Kilipofika kwangu nikamwona Cucu anajifunga shuka vizuri, anangoja zamu yake. Anayenifuata ni yeye."

"Ungesema neno moja tu. Uliniacha nimesimama hapo na mikono imenyooka. Unajua vile watu waliniangalia?"

"Nilikuwa nakuangalia mimi pia."

"Hiyo sitakusamehe leo, Dawud."

"Usinisamehe. Nipe Nairobi tu."

"Ya nini?"

"Kuomba uhamisho. Nikitolewa hapa nirudi nyumbani. Mzee Athman ameapa hatii tena mguu Mukurweini, na sina mwingine wa kunisemea. Mtu hawezi kwenda kujiposea mwenyewe. Huku sina mtu, Wangechi. Nilidhani ninaye."

Wangechi alitaka kulia. Akamwuliza kwanza lile lililokuwa likimsumbua.

"Walikupima?"

"Walinipima."

"Wakapata nini?"

"Ninavyo hivyo vijidudu. Siumwi popote, lakini ninavyo. Wananipa vidonge."

Wangechi alifumba macho. Alimwona nyanya yake na yale magoti.

"Laini ya Nairobi imejaa," alisema.

"Nitangoja."

"Kesho itakuwa imejaa pia. Itajaa mpaka niende nyumbani nirudi."

Alipochomoa waya alikuta Monicah amesimama nyuma yake, na kwa uso wake alikuwa amesikia yote. Kanuni zilikataza mpokezi kupiga soga kwenye laini, na Monicah aliwahi kumfukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hilo. Alivua miwani, akaifuta, akamwambia ainuke, ubao ataushika yeye.

Nyumbani Mukurweini habari ilisimuliwa jikoni, Wangechi akiwa bado na koti la kazini. Hakumpamba Dawud. Alisema kijana aliogopa na akanyamaza, na kunyamaza huko kulimuumiza yeye Wangechi kuliko wote. Kisha akasema walivyompima na walichopata. Mama yake aliacha kumenya viazi.

"Aliniangalia," alisema Cucu Watiri. "Mimi nilifikiri ananidharau."

Mzee Muriithi alikuwa mtu wa haki, na haki humchelewesha mtu. Alisema kijana amefanya vizuri na amefanya vibaya, yote kwa siku moja. Vilevile alisema yeye hawezi kwenda kumbembeleza mwanamume amwoe bintiye. Hilo halijawahi kutokea katika ukoo wake. Ataenda kumjulia hali tu, kama binadamu. Macho yote yakamgeukia Theuri, yakisubiri kejeli. Theuri alikuwa anatazama moto. Alitoka bila kuaga, lakini kulipokucha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza barabarani, amevaa koti lake la kanisani.

Shule ilizungushiwa kamba, na askari wa afya akawaonyesha pa kusimama. Dawud aliitwa, akaja upande wake wa kamba, amekonda, shati limemzidi. Alimwona Wangechi, akamwona Mzee Muriithi, akamwona na Theuri. Akavua kofia.

Mzee Muriithi alimsalimu, akamwuliza kama anakula, kama Wamae anaendelea vizuri, kama mama yake Tanga amepata habari. Dawud akajibu yote kwa adabu. Wangechi alimtazama baba yake, na baba yake akatazama kamba.

"Baba, nilikosa," Dawud alisema. "Ilinipasa kusema. Nilimwaibisha binti yako, nikawaaibisha ninyi. Na bado namtaka. Sijui njia ya kulisema hilo kwa desturi yenu, ndiyo nalisema hivihivi."

Uso wa mzee ulilegea, kisha ukakaza tena.

"Maneno ya msichana haisemwi na kijana mwenyewe," alisema. "Mzee wako ako wapi?"

"Amekataa kuja."

"Na mwingine?"

"Sina, baba. Huku sina mtu mwingine."

"Basi mimi nitaongea na nani?"

Haikuwa dharau, na hilo ndilo lililouma. Wangechi aliona kweli kwamba baba yake anatafuta mlango na haupati. Dawud akavaa kofia yake. Mzee Muriithi akageuka kuondoka.

Theuri hakugeuka. Alitembea hadi kwenye kamba, karibu kuliko alivyoruhusiwa, mpaka askari akamkemea. Akarudi hatua moja, akampa Dawud mgongo na kumkabili kaka yake. Alifunga vifungo vyote vya koti, akakohoa kama wazee wanavyokohoa kabla ya maneno mazito.

"Muriithi," alisema. "Usiende. Sisi tumetoka mbali. Tuko na kijana wetu hapa, ameona msichana kwa boma yako, na tumekuja kuomba."

Mzee Muriithi alisimama. Alimtazama mdogo wake, mtu ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Nanyuki, mtu aliyefukuza posa hiihii kwa mdomo wake.

"Nyinyi ni watu wa wapi?" aliuliza polepole, kama desturi inavyotaka.

"Sisi ni watu wa Tanga," alisema Theuri.

Nyuma yake, ng'ambo ya kamba, Dawud alichuchumaa, akaficha uso viganjani akalia. Hakuna aliyemcheka. Wangechi alipanguza macho yake kwa mkono wa koti, akasogea kando ya baba yake, mahali pa msichana anayeombwa, akangoja aulizwe.