Waliosikia Saa Nane

Harufu ya kitenge kinachoungua ilimfikia Bertha akiwa anapanga vitabu mezani. Akaigusa pasi yake. Ya baridi, haijachomekwa hata kwenye umeme. Akafungua dirisha. Mvua ya Machi ilikuwa inapiga mabati ya mtaa wa Ilomba, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, na hakukuwa na jirani aliyekuwa akipiga pasi. Akatazama simu. Saa nane mchana.

Kesho yake harufu ilirudi saa ile ile. Siku ya tatu ikaja na mlio wa cherehani.

Bertha hakuwa mtu wa mambo hayo. Alikuwa mwandishi kutoka Iringa, na alikuja Mbeya kuandika kitabu juu ya Saida, fundi cherehani aliyeuawa ndani ya chumba hiki miaka miwili nyuma, saa nane mchana kweupe, katika ua wenye vyumba kumi na kimoja vilivyojaa watu. Majirani wote walitoa maelezo ya aina moja: Saida alikuwa na jini, walimsikia akipambana nalo, wakaogopa kutoka. Jalada la polisi likalala. Bertha aliyasoma maelezo yale mpaka hasira ikamkaa kifuani kama kikohozi, maana mgongoni kwa marehemu palikutwa alama ya soli. Jini gani huvaa buti?

Chumba alikiomba kwa makusudi. Vitus, mwenye nyumba, aliyeishi nyumba ya mbele, alimkabidhi ufunguo huku akicheka. "Wenzako hawamalizi mwezi," alisema.

Siku ya tano ukuta uligongwa. Mara tatu, kutokea ndani ya chumba chake, upande uliopakana na jirani yake Marta. Jioni Marta mwenyewe akaja, akasimama mlangoni, kanga ameivuta mpaka mdomoni.

"Dada Bertha, hama," alinong'ona. "Linagonga kwangu. Kila siku linagonga."

"Na siku ile liligonga?"

Marta akageuka kutazama nyumba ya mbele.

"Nakuuliza, Marta. Saida aligonga ukuta wako?"

"Lilikuwa jini, dada. Wote tulisema jini."

"Najua mlivyosema. Nimesoma."

Siku ya sita Bertha alikaa mezani akisubiri, daftari limefunguliwa, na saa nane ilipofika harufu ilijaa chumba mpaka macho yakamchoma, cherehani ikaanza kukimbia mahali ambapo hapakuwa na cherehani, joto kama la pasi ya mkaa likampita shavuni, na alipotaka kuinuka akahisi uzito umemkandamiza mgongoni, uzito wa mguu wa mtu mzima, ukamsukuma mpaka ukutani, akafungua kinywa kuita na sauti haikutoka, akasikia kugonga, mara tatu, tena mara tatu, karibu kabisa na sikio lake, vumbi la plasta likimwagikia usoni, na ilimchukua muda kutambua kwamba ngumi iliyokuwa inagonga ilikuwa yake mwenyewe na vidole vyake vilikuwa vinatoka damu.

Ng'ambo ya ukuta, redio ya Marta ikaongezwa sauti.

Uzito ukaondoka. Bertha akatoka mbio kwenye mvua, akausukuma mlango wa jirani. Marta alikuwa amekaa kitandani, mkono bado uko kwenye redio.

"Kwa nini umeongeza?"

"Nimezoea," Marta akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nimezoea hivyo, dada."

Asubuhi iliyofuata Marta alikwenda Mwanjelwa kumleta Shehe Alawi, aliyemswalia Saida siku ya mazishi. Mzee alisoma dua chumbani kwa muda mrefu, akanyunyiza maji ya kombe, yaliyooshea aya za Kurani, pembe zote nne, kisha akatoka uani, ambako majirani walikuwa wamekusanyika kusubiri kuambiwa kwamba wako salama.

"Nimewatoa majini miaka arobaini," alisema kwa upole. "Humu hamna jini. Humu mna mtu aliyeomba msaada. Mimi sina dua ya kumnyamazisha."

"Shehe, tufanyeje?" akauliza Masumbuko, fundi baiskeli wa chumba cha mwisho.

"Mseme mlichosikia."

Kisha Marta akaanza, kwa sauti ndogo sana. Alisema Vitus alikuwa akimtaka Saida, na Saida akaapa kumshitaki kwa balozi wa nyumba kumi. Siku ile Marta aliisikia sauti ya Vitus mle ndani. Saida aligonga ukuta akimwita yeye kwa jina. "Na baba mwenye nyumba akaniambia kupitia ukuta, 'Marta, ongeza redio.'" Akajifuta uso. "Nikaongeza."

"Wote mliisikia sauti yake?" Bertha akauliza. Hakuna aliyemtazama.

Vitus alitoka nyumba ya mbele na mwavuli. Hakukana. Ndicho kilichomuuma Bertha zaidi. Alisimama katikati ya ua wake kama anayetangaza zamu ya kufagia, akasema, "Mimi nilipandwa. Jini lililomtesa yule binti ndilo lililonipanda mimi. Mtu hafungwi kwa kazi ya jini."

Baadhi ya majirani wakaanza kuitikia kwa vichwa. Walikuwa tayari kulikubali na hilo.

Mwavuli ukamdondoka. Kinywa chake kikabaki wazi, shingo ikakakamaa, na sauti iliyotoka mle ilikuwa ya mwanamke kijana, tulivu, yenye lafudhi ya pwani ambayo ua mzima uliijua.

"Masumbuko. Ulikuwa unaziba pancha mlangoni. Uliinuka, ukarudi ukakaa. Eveline. Ulifunga dirisha."

Vitus alikuwa analia, machozi yakimtiririka pembeni ya sauti ile isiyokuwa yake. Shehe Alawi alirudi nyuma hatua mbili akisoma dua. Watu wakakimbilia vyumbani, milango ikabanwa, vitasa vikazungushwa, na kila aliyejifungia alifuatwa na jina lake.

Bertha hakukimbia. Alikaa palepale kwenye tope, akachomoa daftari kifuani na kuliinamia lisilowe. Vidonda vya vidole vikafunguka, damu ikachafua ukurasa.

"Endelea, dada," akasema. "Naandika."