Mate Juu ya Gari Jeusi

Gari jeusi ni mbea. Jeupe hukufichia vumbi, la kijivu hukuvumilia, lakini jeusi ukilipangusa vibaya mara moja tu litakutangaza mchana kutwa. Wamae alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Majengo, Nyeri. Miaka ile uhuru ulipokuwa bado mchanga na wakubwa wapya wakajinunulia magari meusi, waliyaleta kwake nyuma ya kituo cha petroli yakiwa yamejaa mikwaruzo ya mviringo, ile midogo midogo kama utando wa buibui. Mikwaruzo hiyo huletwa na kitambaa chenye mchanga na mkono wa mvivu unaozungukazunguka. Wamae hakuzungusha mkono hata siku moja. Alisugua kwa mstari ulionyooka, na doa likimshinda, alilitemea mate kidogo akamalizia. Watu wakimcheka, aliwajibu kwamba baba yake, marehemu mzee Gicheru, alimtemea mate kifuani siku aliyozaliwa, kama wazee wa Kikuyu wanavyobariki watoto. Kama mate yalimfaa yeye, yatalidhuru gari?

Jioni hiyo alikuwa anafunga kazi. Mkewe, Wawira, alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa amemtuma sokoni akamletee mawe laini, yale ambayo wajawazito hutamani kuyatafuna. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu Wamae aliichunga kama yai mkononi, na kama mawe yangekosekana Nyeri angeyafuata Karatina kwa miguu.

Alikuwa ananawa mikono wakati Peugeot nyeusi ilipoingia polepole na kusimama mbele yake. Akashuka mwanamke mtu mzima, mwenye glavu nyeusi na kitambaa cha msiba kichwani. Alisema anaitwa Magdaline, kwamba asubuhi ana mazishi Kangema, na kwamba hawezi kufika huko na gari chafu namna hii.

"Wewe ndio Wamae?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ati hakuna mtu anajua gari nyeusi kama wewe."

Mgema akisifiwa... Wamae akakunja mikono ya shati.

Mwanamke akampa mkebe. "Tumia hii. Na usitumie kitambaa. Tumia mkono."

Alipofungua kifuniko alirudi nyuma. Ndani kulikuwa na mafuta ya rangi ya usaha, mazito, yenye harufu ya shahamu ya mbuzi iliyosahaulika juani. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, tamu, iliyochachuka, kama maziwa aliyocheua mtoto. Alichota kwa vidole viwili huku amebana pumzi, akaanza na mlango wa nyuma.

Mafuta hayakuteleza. Yalimshika. Yaliingia chini ya kucha, yakapanda kwenye mikunjo ya vidole, na ndani yake kulikuwa na nywele. Nywele fupi, nyororo, zile za mtoto ambaye bado hajanyolewa hata mara moja. Zilimzunguka vidole kama nyuzi.

Kisha akaikagua kwa karibu mikwaruzo ya mviringo iliyolijaa gari hilo, na akatambua kwamba haikuletwa na kitambaa. Ilikuwa na ukingo wenye utelezi. Tena yote ilikuwa chini ya madirisha, kimo cha mtoto anayejifunza kusimama, na juu ya paa hapakuwa na hata mmoja.

Alitamani kuondoka. Lakini mwanamke alikuwa amesimama kati yake na njia, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Miduara ilifutika mmoja baada ya mwingine, weusi ukaanza kung'aa mpaka akajiona uso mzima mlangoni.

Ndipo akasikia.

Nyap... nyap...

Aliinama akachungulia chini ya gari, akidhani ni mbwa. Hapakuwa na mbwa. Aliposimama, katikati ya mlango aliokwisha kuumaliza, duara lilikuwa linajichora.

Polepole.

Kutoka ndani ya rangi.

"Mama," alinong'ona, "kuna nini kwa hii gari?"

"Futa," mwanamke akasema. "Imebaki hiyo moja."

Wamae akaweka kiganja juu yake, na akahisi kitu cha moto, chenye maji na cha kukwaruza, kikimpapasa kutoka upande wa pili wa bati. Ulimi. Alisugua, duara likarudi. Alisugua tena, likarudi pana zaidi. Alichotaka ni kumaliza tu, aende zake akaoshe mikono hata kwa mchanga. Mkono uliposhindwa, mdomo ukafanya ulichozoea kwa doa sugu.

Tfu.

Duara likatoweka. Gari likang'aa lote, kama maji ya kisima.

"Asante, baba."

Sauti ilikuwa ndogo sana. Wamae alimtazama Magdaline, na midomo ya Magdaline ilikuwa imefungwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimeshushwa kidogo, na kwenye kiti kulikuwa na shali ya mtoto tu, imeloa mafuta yale yale.

"Baba yake alikataa kumtemea," mwanamke alisema. "Mtoto akakufa bila baraka. Nimezunguka sana nikitafuta mtu."

Akaingia ndani ya gari na kuondoka.

Wamae aliutupa mkebe chooni. Aliosha mikono kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, mpaka ngozi ikachubuka. Alifika nyumbani bila mawe. Wawira alipofungua mlango tu, aliziba pua, akakimbilia karai na kutapika. Tangu siku hiyo Wamae alikula kwa kijiko na kulala sakafuni, maana mkewe hakuweza kuivumilia ile mikono.

Mama yake, Watiri, ndiye mtu pekee ambaye Wamae alimsimulia kisa hicho. Mama aliuliza neno moja tu.

"Ulitema?"

Alipoitikia, mama alisema baraka ya baba haitolewi mara mbili, achinjwe mbuzi, waitwe wazee wamtakase. Wamae alisema wao ni watu wa kanisa, na mambo yakaachwa hapo.

Mtoto alizaliwa salama. Mvulana, mzima, na nywele nyingi. Wamae alilia kwa furaha bila kuona haya. Watiri alimfunua mjukuu kifua, akamsogezea baba yake ambariki, kwa kuwa mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na huyo ndiye Gicheru aliyerudi.

Wamae aliinama, akafungua mdomo.

Mkavu.

Alijaribu tena. Alikusanya, alivuta mashavu, alisukuma ulimi. Hakuna kilichokuja ila ladha ya shahamu iliyooza, ikipanda taratibu kutoka tumboni. Watiri aligeuza uso ukutani.

Mtoto akakamata kidole cha baba yake, akakivuta kiganja mpaka mdomoni, na kuanza kukilamba. Kwa mzunguko.

Nyap... nyap...

Wawira alicheka kwa uchovu, akasema mtoto ana njaa. Kisha akamtazama mumewe, na kicheko kikamwisha.

"Mtemee, Baba Gicheru," alisema. "Mbona humtemei?"