Chuma mu Muguu ya Kasonde

Weye mwenye kusoma hapa, ulishasikia mufupa ya muntu inagonga hodi? Shi mulango. Mufupa!

Kasonde, kijana wa commune ya Kenya, mu muji yetu ya cuivre, alikanyagwa muguu na camion ya minerai, mawe ya madini. Ku hôpital ba docteur bengine balishasema: tukate. Docteur Christiane akagusa vidole, akasikia bado viko na joto.

"Damu ingali inapita. Tutaosha, tutaondoa nyama yenye kufa, tutashikanisha mufupa na chuma ya inje, kisha tutageuza musuli ya nyuma ya muguu ifunike kidonda. Hatukate."

Chuma gani? Inchi inauzisha cuivre, shaba yetu, ku dunia muzima, mais hôpital iko na scie tu ya kukata mifupa. Bravo, bakubwa! Docteur akachora fixateur, ile chuma ya inje, ku karatasi, akapelekea Guelor, soudeur, fundi wa kuunganisha vyuma. Guelor akakata, akalainisha. Docteur akachemusha, akafunga ku muguu.

Asubui moja ba vis za ile chuma zilikuwa zimelegea. Docteur akakaza. Kesho yake, tena.

Kisha muchana moja courant ya umeme ikakatika, ventilateur ikanyamaza. Ko. Ko. Ko.

"Mama, wacha kugonga kitanda," Kasonde akasema.

"Mikono yangu hii hapa, mwanangu," Mama Mwaba akanong'ona.

Harufu ikapanda, shi ya kidonda, ilikuwa ya udongo baridi na jasho ya bantu bengi mu nafasi ndogo, na ile ko-ko ikatoka mu chuma ikaingia mu mufupa, ikapanda mu goti, mu kiuno, mu meno ya Kasonde, mpaka kinywa yake ikafunguka na sauti zikatoka, sauti za banaume bengi mara moja, polepole kama bantu benye kuchunga pumuzi: hewa, yaya, kaka yangu, hewa inaisha.

Mama akakimbia kwa Guelor.

"Ile chuma ulitoa wapi?"

Guelor akaangalia sandale zake. "Mama, chuma ya ku soko inapindama kama macaroni..."

"Guelor!"

"Ni échelle, ngazi. Ya ile puits ya Annexe, kishimo ya kuchimbia minerai, yenye ilianguka. Kipande ilikuwa inatokea inje."

"Yenye patron alifunika na bulldozer? Bantu balikuwa ndani!"

"Njo ile, mama."

Mama akarudia ku hôpital analia. "Docteur, toa hiyo chuma!"

"Nikitoa leo, mufupa inaachana, kesho nakata muguu. Mama, uchague."

Mama Mwaba akapiga magoti, akakaribisha kinywa ku chuma, akasema kama vile banasemaka ku matanga: "Ba papa, ba yaya, pole. Tunawasikia. Mumukopeshe huyu mutoto échelle yenu. Apande kwanza. Kisha tutakuja kuwatoa."

Ile ko-ko ikakatika.

Miezi ikapita. Musuli yenye docteur aligeuza ikashika, nyekundu, muzuri. Mufupa ikaungana. Docteur akafungua chuma, akaiweka mu sahani. Kasonde akasimama ku miguu yake mbili, mama akapiga vigelegele.

Njo pale ciment ya salle ikaanza kutetemeka chini ya nyayo yake. Ko. Ko. Chini ya kila kitanda mu salle. Bagonjwa bote bakanyanyua miguu.

Sasa, patron wa ile puits, na weye chef mwenye ulitia signature juu bulldozer ipite: mama alishaahidi, mais pelle ya kuchimba iko kwenu. Hatutaki communiqué ya kusoma ku radio. Mufungue ile kishimo. Mutoe bantu. Leo.