Mafurushi ya Amana

Kila asubuhi Asia, msichana wa miaka kumi na miwili, alichota maji, akamenya ndizi, kisha akamsaidia mama yake kupanga nguo dukani. Waliishi Karagwe, karibu na Nyakahanga, mwaka 1909. Lakini juma hili hapakuwa na duka. Moto ulikuwa umeliteketeza.

"Usilie, mwanangu," alisema mama yake, Bi Mwaja. "Amana ipo."

Wafanyabiashara wa pale walikuwa na desturi nzuri. Kila mwaka kila nyumba iliweka furushi la nguo kwa Mzee Abdulrahim. Aliyepatwa na janga alipewa mafurushi matatu aanze upya. Furushi lilizungushiwa mbugu, nguo ya gome la mti, likafungwa kwa kamba ya mgomba, na kila nyumba ilikuwa na fundo lake.

Walipofika kwa mzee, walikuta amefilisika. Wadai walikuwa wakibeba kila kitu, hata mikeka! Mafurushi kumi yalikuwa yamekwisha tolewa uani. Asia aliogopa sana.

"Hizo ni amana zetu!" alilia Bi Mwaja.

"Zimo nyumbani mwake, ni zake," alijibu mdai mmoja mwenye sauti kubwa.

Shehe Ramadhani, aliyeitwa kuamua, aliinua mkono. "Amana si mali ya mtunzaji, wala hailipi deni lake. Ila nani atathibitisha kwamba hizi ni amana?"

"Shikamoo, Shehe," alisema Asia. "Nilizunguka na mama kuyakusanya. Nayajua mafundo."

"Marahaba. Haya, tuoneshe."

Asia alitaja wenyewe mmoja mmoja. Waliitwa, wakafunga mafundo yao mbele ya watu, yakalingana. Kwenye furushi la kumi alisita.

"Hilo nalo ni la amana, mjukuu wangu," alisema Mzee Abdulrahim kwa haraka.

Asia alimhurumia. Tena furushi moja zaidi lingewafaa wote.

"Hapana, babu. Nyumba ni tisa. Hili hatukulikusanya."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa ameficha nguo zake humo.

Yule mdai alicheka. "Angetaka kudanganya, angedanganya hapo. Namwamini." Akabeba la kumi, akayaacha tisa.

Bi Mwaja alikabidhiwa mafurushi matatu, machozi yakimtoka.

"Tangu leo amana zitakaa katika chumba cha peke yake, na funguo watashika watu wawili," alisema Shehe. Akamgeukia Asia. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Umekataa furushi moja, ukatuokolea tisa."