Jina Mkononi mwa Ramlah

"Nyabo, bibie, mafuta yote hayo unakwenda kukaanga samaki?"

Ramlah aligeuka, makopo manne ya mafuta ya mgando kifuani. Soko la Jinja lilikuwa limefurika, na aliyemchokoza alikuwa kijana wa Mbale aliyeketi juu ya magunia ya vitunguu, shati jeupe limenyooshwa pasi kama anakwenda kuoa.

"Samaki ni mimi," akajibu. "Tunaogelea ziwani, wanawake thelathini, kuwachangia watu wenye mahitaji maalumu. Ukijipaka haya, nguo haikuchubui. Umeridhika, bwana wa vitunguu?"

"Bado. Namba yako ya simu je?"

Akapewa. Mapenzi yakakolea, kijana huyo, Yakub, akawa harudi Mbale bila kupitia Mafubira, kwa kina Ramlah, kumsalimu. Lakini jambo moja alilificha. Kwao Nkoma, huko Mbale, alikuwa na mdogo wake, Shamim, aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Wazazi wa mchumba wake wa kwanza walipomwona binti huyo waliivunja posa, wakidai damu ile ina walakini. Tangu hapo Yakub alijifunza uongo. Simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa kuzoea.

"Yakub wangu," Ramlah alimwuliza kwa simu, wiki tatu kabla ya siku ya kuogelea, "kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Niko peke yangu, mpenzi. Ndiyo maana nadeka."

Ramlah akauliza tena. "Una hakika?"

"Wallahi."

Siku ikafika. Yakub alisimama ufukweni na taulo jipya. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba Shamim ana safari. Hakuuliza ya wapi. Basi lililoleta wageni wa heshima, wale wanaochangiwa, kutoka Mbale likasimama, na wa kwanza kushuka alikuwa Shamim, gauni la njano, viatu vyeupe.

"Kaka! Kaka Yakub!"

Watu wakageuka. Yakub akashusha kofia usoni, akajibanza nyuma ya banda la chai. Shamim akabaki amenyoosha mikono.

Ramlah ndiyo kwanza alikuwa anatoka majini, vazi lake refu la buluu limemganda, kilemba kinachuruzika. Aliona yote. Akaenda moja kwa moja kwa Shamim, akapandisha mkono wa vazi. Kila mwogeleaji alikuwa ameokota kwa kura na kuandika mkononi jina la mtu anayemwogelea. Wake uliandikwa: SHAMIM, NKOMA.

"Mimi huyo!" Shamim akapiga makofi. "Wewe ndiye Ramlah wa simu!"

Yakub akaja mbio. "Ramlah, nisikilize..."

"Nilipiga simu kwenu nimjue ninayemwogelea. Akapokea mwenyewe, akamsifu kaka yake Yakub wa vitunguu mpaka salio likaisha. Ndipo nikakuuliza. Ningeolewa nawe, na yeye ningekaa naye. Wallahi. Hii yangu ni ya kweli."

"Nisamehe. Niliogopa kukupoteza."

"Uliyemkana si mimi."

Shamim akalichukua taulo mikononi mwa kaka yake, akamfunika Ramlah mabegani. "Kaka, huyu ndiye wifi?"

Yakub akamtazama Ramlah.

"Ningekuwa," Ramlah akajibu, akamshika mkono. "Twende ukale samaki, mdogo wangu."

Walipofika mbali kidogo Shamim akageuka. "Kaka Yakub! Njoo basi!"

"Naam, dada!" Yakub akaitika safari hii, kwa sauti iliyosikika ufuko mzima.

Ramlah hakugeuka.