Mlango wa Chumba cha Mama

Bernadina alisimulia kisimani kwamba kule Endabash nyumba ya shemeji yake iliungua jioni. Cheche ilirukia mabua ya mahindi. Watu wakakimbilia mlangoni, kumbe ndama wamejazana pale, wanasukumana. Mzee wao akabaki ndani.

"Bernadina naye, haishi kuongeza chumvi!" wenzake wakacheka.

Jirani yake Cresensia hakucheka. Kwake pia ndama walilala ndani, mlango ulikuwa mmoja, na mama mkwe wake, mwenye mguu mbovu, alilala chumba cha nyuma kabisa.

Alimwita Clemensi, mjumbe wa nyumba kumi, aliyefundishwa kuzima moto katika mgambo.

"Tujaribu kutoka kana kwamba nyumba inaungua," alisema Clemensi. "Fumbeni macho, maana kwenye moshi hamtaona. Tokeni kwa kutambaa. Hewa nzuri iko chini. Haya, moto!"

Patrisi, mume wa Cresensia, alijikwaa kwenye ndama. Mtoto wao, Inosenti, alikanyagwa, akalia. Mama yake Patrisi hakutokea.

"Mama, uko wapi?" Patrisi aliita.

"Huku! Ndama amenipiga mkia usoni. Mimi nimeshaiva."

Walicheka.

"Hawa ndama walale nje," alisema Clemensi.

"Na fisi je?" Patrisi aliuliza.

"Wajengee zizi la magogo hapa ubavuni mwa nyumba. Fisi akija utamsikia. Halafu toboa ukuta wa nyuma, mama apate mlango wake. Mabua yakae mbali na jiko, na debe la mchanga liwe karibu na mafiga. Mkishatoka, kutaneni pale kwenye jiwe la kunolea. Asirudi mtu ndani kutafuta blanketi."

"Mlango wa nyuma ni wa wezi," alinung'unika mama. Hata hivyo Patrisi alichukua sururu. Komeo la mlango mpya akaliweka chini, kwa ndani, mkono wa mama ulifikie.

Zizi lilipokwisha, Clemensi alirudi, akapiga tena kelele za moto. Safari hii hakuna aliyejikwaa. Walipofika kwenye jiwe, walimkuta mama ameshakaa, fimbo magotini.

"Mmechelewa wapi? Mimi nimewasubiri mpaka nimesinzia."

Patrisi alicheka hadi machozi. Mama akamshika Cresensia mkono, akamvuta karibu.

"Mama Inosenti, sikiliza. Siku moto ukiwa wa kweli, nami nikashindwa, chukueni mtoto mwende. Msinirudie. Niahidi."

Cresensia alitikisa kichwa kukataa. Kisha akapiga magoti, akaanza kumpangusa vumbi miguuni.