Makofi Hayahesabiki

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, Fundi alimfunga mumewe vifungo vya shati.

"Tulia, bwana harusi."

Mume alicheka kwa nusu ya mdomo. Alikuwa mwalimu wa chuo, mtani kupindukia. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia, kikaondoka na maneno yake yote.

Kabla ya kuugua, alikuwa amezunguka miaka mingi kwenye maghala ya wakulima, akichunguza wadudu wanaotoboa nafaka. Aliandika aliyoyaona, akapeleka kwenye kongamano la chama chao cha wasomi. Wakamwambia haifai. Siku ya kongamano alikaa nyuma, akamwona mwenyekiti anasoma kazi yake ileile kama ya kwake mwenyewe. Akalalamika. Lakini utaratibu wao ulisema malalamiko yote yanapelekwa kwa mwenyekiti. Naye akajibu: nimechunguza, sijaona kosa.

Jirani yao, Wakili, alikuja kuchukua gauni lake. Fundi akamweleza kisa hicho.

"Shoga, huyo mwenyekiti alichaguliwa na nani?"

"Kuchaguliwa wapi! Kila mwaka mtu anasimama, anauliza, 'Aendelee?' Ukumbi unapiga makofi. Basi, kapita."

"Na shemeji alipiga?"

Mwalimu akageuzia uso ukutani.

"Alipiga," Fundi akasema polepole. "Alirudi nyumbani viganja vinamwasha. Kumbe alikuwa anajizaba makofi mwenyewe."

Wakili akaweka gauni chini.

"Makofi hayahesabiki. Huwezi kujua nani kakubali, nani kanuna. Kiongozi anachaguliwa kwa kura, kwa muda unaojulikana, na anaeleza alichofanya. Tena anayelalamikiwa hasikilizi lalamiko lake mwenyewe. Wanasikiliza wengine wasio na upande."

"Sasa mimi fundi cherehani nikawaambie nini?"

"Wewe si mwanachama. Yeye ndiye mwanachama. Ulimi umelala, uanachama haujalala. Katiba yao bila shaka inaruhusu wanachama wakitosha kudai jambo lijadiliwe mkutanoni. Isomeni."

Waliisoma. Iliruhusu. Mwanachama aliyefundisha chuo kimoja na Mwalimu, dada mmoja waliyemwita Miwani, akazunguka kuomba saini. Wengine walimkimbia.

"Usiniponze, dada. Mwenyekiti ndiye anapanga nani azungumze kwenye kongamano."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Miwani akajibu.

Saini zikatosha, mkutano ukapangwa. Wanachama watatu wasio viongozi wakapewa kazi ya kuchunguza. Walikwenda mpaka maghalani, wakauliza ni nani aliyekuwa anakuja kule.

"Si yule mwalimu mcheshi?" wakulima wakasema. "Mbona siku hizi haji?"

Siku ya mkutano Fundi alisukuma kiti cha magurudumu mpaka ukumbini, akakaa kando ya mumewe. Wachunguzi wakasema waliyoyakuta. Rafiki wa mwenyekiti akaruka.

"Jamani, tusiaibishane! Tumpigie mwenyekiti makofi, tuendelee na mengine."

Makofi yakaanza. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukainuka kwa mazoea. Ukatafuta mwenzake. Mwenzake alikuwa amelala pajani kama kipande cha nguo ya mtu mwingine. Fundi akaangalia sakafu.

"Hapana!" Miwani akapaza sauti. "Leo tunahesabu. Nani anataka kazi irudi kwa mwenyewe, na malalamiko yasikilizwe na watu wasio viongozi? Mwanachama anyooshe mkono mmoja!"

Mmoja Mwalimu alikuwa nao. Akaunyoosha juu kabisa. Aliyekuwa anahesabu akafika kwao, akamwonyesha kidole, akamhesabu, akaendelea na safu ya nyuma.

Walioafiki walikuwa wengi. Mwenyekiti akaachia kiti, akabeba mkoba wake, akatoka. Mpya alichaguliwa kwa kura za siri, kwa miaka miwili tu.

Kesho yake, kwenye kongamano, kazi ilisomwa, jina la Mwalimu likitajwa kwanza. Aliisoma Miwani. Alipofika kwenye utani kuhusu mdudu aliyenenepa akashindwa kutoka kwenye punje, ukumbi ukacheka. Mwalimu akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu. Machozi yakamshuka upande mmoja, na Fundi akayafuta kwa ncha ya kitenge.

Watu wakapiga makofi. Mkono wa kushoto ukainuka tena, ukatafuta mwenzake, ukakosa.

Fundi akauwekea kiganja chake. Wakapiga.